Kufuli la Safu ya Nne

Kipaza sauti cha dirisha namba tatu kilikuwa kimekufa wiki ya pili sasa, na fundi alikuwa bado anaahidi. Asubuhi ile ya Jumatatu ukumbi wa stesheni ulijaa hadi mlangoni. Watu walisimama bega kwa bega, mizigo katikati ya miguu, na kila aliyefika dirisha lile alipaza sauti, akagonga kioo, akaonyesha vidole. Muuza tiketi aliyekaa ndani hakuhitaji yote hayo. Alitazama midomo tu, akapiga mhuri, akasukuma tiketi chini ya kioo.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Sare yake ya kijivu alikuwa ameipunguza kiunoni kwa mkono wake mwenyewe, na shingoni alifunga kitambaa cha rangi ya chungwa ambacho mkuu wa stesheni alikuwa amekikataza mara mbili. Mama yake alifuma nguo kiwandani miaka ishirini na sita, mashine zikamla masikio yote mawili, kwa hiyo binti alijifunza kusoma midomo kabla ya kusoma herufi.

Zamu ikamfikia mwanamume mrefu, mwembamba, aliyevaa shati la buluu mpauko lenye doa la wino mfukoni, karatasi ndefu zilizokunjwa ziko kwapani. Akaomba tiketi ya jioni. Kisha akageuza uso kidogo, kama wafanyavyo watu waliozoea kuishi peke yao, akajisemea chini chini: "Macho kama haya, halafu wameyafungia kwenye sanduku la kioo."

Muuza tiketi akainama kwenye upenyo wa kupitishia tiketi.

"Sanduku lina mlango kwa nyuma, kaka. Hufunguliwa saa kumi."

Yule bwana akaganda. "Umenisikiaje?"

"Sijakusikia. Nimekuona. Anayefuata."

Saa kumi kasorobo yule bwana alikuwa amesimama nyuma ya jengo, karatasi zake kwapani vilevile. Muuza tiketi alipotoka alijifanya kushangaa, akashindwa, akacheka.

"Treni yako ni saa kumi na mbili," alisema. "Basi, utanisindikiza hadi kituo cha mabasi. Lakini usijisemee njiani, nitaona yote."

Wakatembea. Akamweleza kazi yake: alichora ramani za matembezi. Kampuni yake ilimtuma mji mmoja hadi mwingine, yeye akapita mitaani kwa miguu, akapanga njia ambayo mgeni angeweza kuifuata kutwa nzima bila kupotea wala kuchoshwa. Sasa walitaka njia ya ng'ambo ya reli, kwenye viwanda vya zamani.

"Huko?" Muuza tiketi alisimama. "Mgeni akatazame nini huko? Kutu?"

"Unapajua?"

"Nimezaliwa humo. Na sijatoka."

"Basi siku moja unitembeze."

"Siku moja," alirudia, kama mtu anayelitia neno mdomoni kuona kama lina chumvi. Kisha akampa namba ya simu.

Wiki sita zilizofuata mapenzi yao yaliishi ndani ya nusu saa ya simu, kati ya saa saba na saa saba na nusu mchana, wakati wa mapumziko yake.

"Binti Sanduku, umekula?"

"Nakula sasa hivi, Bwana Ramani. Wewe uko wapi leo?"

"Mji mmoja una mito mitatu na hauna hata daraja moja la maana. Nimetembea hadi soli imelia. Nimekukumbuka."

"Umenikumbuka mimi au viatu vyangu?"

"Nimekukumbuka wewe ukiwa umevaa viatu vyako. Lini utanipa siku yangu, mpenzi?"

Neno hilo la mwisho lilimpitia kama maji ya moto kifuani. Akatazama saa. "Mapumziko yameisha," alisema, ingawa dakika nne zilikuwa bado zimebaki.

Kile ambacho hakumwambia ni jinsi alivyotoka nyumbani kila asubuhi. Waliishi yeye na mama yake katika nyumba za wafanyakazi, Safu ya Nne, chumba kimoja na jiko, dirisha likitazama ukuta wa kiwanda umbali wa mikono miwili. Alfajiri alimwekea mama chai kwenye chupa, akamgusa bega, akatamka polepole, "Narudi." Kisha akatoka, akavuta mlango, akatia kufuli kwa nje.

Miaka mitatu iliyopita mama alikuwa akivuka barabara ya reli. Lori likarudi nyuma huku likipiga honi, na mama hakusikia. Nyonga ikavunjika. Alilala miezi mitano. Siku aliyoweza kusimama tena, binti alinunua kufuli. "Ni kwa usalama wako, mama," alimwambia. Mama aliitazama midomo ile kwa muda mrefu, hakujibu, na binti akauchukua ukimya ule kuwa kukubali. Ufunguo wa pili aliuweka kwa jirani, fundi wa nguo aliyeitwa na safu nzima Mama Cherehani, kwa ajili ya dharura.

Dada yake mkubwa, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili. "Mungu akubariki, Kitinda. Bila wewe tungefanyaje." Kisha akakata simu akarudi kwa watoto wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wachumba wawili walikuwa wamekuja wakapita. Wa kwanza alisubiri mwaka mzima akachoka. Wa pili aliuliza, "Kwani mama yako hana mtoto mwingine?" na huyo, Kitinda alimfungulia mlango kwa mkono wake ili atoke. Jioni, akiosha vyombo, alimpa mama mgongo na kusema kwa sauti ya kawaida, akijua hasikiki: "Umenifunga, mama. Nitazeekea humu." Kisha akageuka akatabasamu, akauliza kama chai iongezwe sukari.

Hatimaye alimpa siku yake. Ilikuwa Jumamosi. Mama Cherehani alikubali kuwa karibu na mama hadi saa kumi na moja jioni, si dakika zaidi, kwa sababu alikuwa na magauni sita ya harusi ya kumaliza.

Kitinda alivaa gauni la kijani kibichi lenye mifuko miwili, viatu vya chini, nywele zimesukwa jana yake mistari minane ya kulala. Mama alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Gauni hilo si la kazini," alisema kwa ile sauti yake kubwa isiyojipima, iliyosikika hadi Safu ya Pili.

"Tuna mafunzo, mama."

"Mafunzo ya nini?"

"Ya kipaza sauti kipya."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Kisome vizuri, mwanangu," akasema, akageukia chai yake.

Bwana Ramani alimsubiri kwenye lango la kiwanda cha nguo, shati jeupe, daftari mkononi, penseli sikioni. Alipomwona akasahau alichotaka kusema, na Kitinda akaona midomo yake ikitafuta maneno bila kuyapata.

"Hapo hata mimi sijasoma kitu," alimtania.

"Hakukuwa na kitu cha kusoma. Umeniacha mweupe."

Kitinda akampeleka kwanza kwenye mfereji nyuma ya kiwanda cha rangi. Sasa ulikuwa na maji membamba na majani, lakini zamani maji yalitoka na rangi ya kitambaa kilichochovywa siku ile. "Hatukuhitaji kalenda," alimwambia. "Buluu ilikuwa Jumatatu, nyekundu Jumatano. Ijumaa yalitoka meusi na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukaribia." Bwana Ramani akaandika. Wakapita kiwanda cha sabuni, ambako sasa vijana walinyanyua vyuma mbele ya vioo virefu. Kitinda alimwambia aweke pua kwenye tofali. Akaweka. Miaka kumi na saba tangu tanuri la mwisho lizimwe, tofali lilikuwa bado linanuka sabuni.

"Hii naiweka kwenye ramani," alisema, pua ukutani. "Hapa mgeni asimame anuse."

"Watakuona mwendawazimu."

"Tayari nimeonekana hivyo stesheni."

Simu ya Kitinda ikalia. Ilikuwa Mama Cherehani, mashine yake ikinguruma nyuma. "Mama yako anauliza kisu cha vitunguu kiko wapi."

"Kwenye droo ya kushoto, shangazi."

Robo saa baadaye ikalia tena. "Anauliza kama mafunzo yana chakula." Kisha tena. "Anauliza kama mwalimu ni mrefu."

Bwana Ramani alicheka hadi akaegemea ukuta. Kitinda hakucheka. Kila simu ilimvuta kama uzi uliofungwa kifundoni. Wakapanda ngazi za chuma za ghala la zamani, lililogeuzwa ofisi, hadi kwenye paa. Kutoka pale eneo zima lilionekana: bomba la moshi lililozimika, safu sita za nyumba za wafanyakazi, reli iliyoota nyasi, na kuzunguka vyote hivyo, ukuta mmoja mrefu wa matofali.

"Sikujua unazunguka kote," Kitinda alisema.

"Upi?"

"Ukuta. Mimi niliujua upande wa dirisha letu tu." Aliutazama ukuta ule kwa muda. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Miaka ishirini na tisa aliona mahali pale ni pakubwa. "Wewe hulala wapi, Ramani? Kwako hasa?"

"Chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Nikirudi nakuta vumbi limenisubiri. Mtu huweza kufungwa na barabara pia, usidhani. Njoo ukione hicho chumba. Siku moja tu."

"Siku yangu moja ndiyo hii."

"Umetazama saa mara tisa tangu asubuhi. Nimehesabu. Unaogopa nini, mpenzi?"

"Njaa," alijibu, akaanza kushuka.

Saa nane walikaa kwenye kantini ya zamani, iliyogeuzwa mkahawa wenye kuta za vioo. Walikuwa hawajaletewa chakula simu ya Bwana Ramani ilipolia. "Mkuu wangu," alisema, akamgusa mkono, akatoka nje kuongea. Kitinda alimtazama kupitia kioo bila kukusudia, kama mtu mwingine angesikia bila kukusudia. Macho yake hayakujua kufanya vinginevyo. Bwana Ramani alitembea huku na huku, akasimama akielekea kioo, akitabasamu, na midomo yake ikasema: "Huyu msichana ananifaa sana. Anajua kila tofali. Nikimaliza naye leo, nitamtupa."

Akageuka, akaonyesha mgongo.

Kitinda alikaa na uma mkononi. Hakulia. Kitu ndani yake kilichokuwa kimesimama wima tangu asubuhi kilikaa chini kwa utulivu, kama mgonjwa aliyeambiwa alichokitarajia. Bila shaka. Mtu apitaye mji kwa mji angemfanyia nini mwanamke wa Safu ya Nne, zaidi ya kumtembea kutwa na kumwacha? Akainuka, akapita jikoni kati ya wapishi walioshangaa, akatokea mlango wa nyuma.

Simu ilianza kuita kabla hajafika Safu ya Kwanza. Aliiacha iite. Ikaita mara saba.

Alipofika mlangoni kwao aliona kufuli likining'inia wazi kwenye pete yake. Ndani, kitanda kimetandikwa, kikombe kimeoshwa, kimefunikwa. Viatu vya mama vya kutokea, vilivyokaa chini ya kitanda miaka mitatu, havikuwapo.

Mama Cherehani alikuwa kwenye mashine yake mlango wa pili, amezungukwa na kitambaa cheupe kama mtu aliyezama kwenye povu.

"Shangazi, mama yuko wapi?"

"Ametoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Hakusema. Yapata nusu saa sasa. Amevaa kofia yake ya soksi, amechukua mkoba." Aliendelea kukanyaga mashine. "Aliniomba nimfungulie. Nikamfungulia."

"Nilikupa ufunguo wa dharura."

Mama Cherehani akasimamisha mashine. "Ameniomba kila wiki mwaka mzima, mwanangu, kila wiki nikatafuta la kumwambia. Leo nimekosa. Yule ni mtu mzima."

Kitinda alitoka mbio hadi barabara ya reli. Alitazama kushoto na kulia, magari yakipita, akaona kila lori lina uso wa lile lori. Simu ikaita mara ya nane, akaipokea.

"Umekwenda wapi?" Bwana Ramani alikuwa anahema. "Nimerudi nikakuta kiti. Nimekosa nini?"

"Mama amepotea," alisema. "Hasikii. Yuko barabarani na hasikii." Hasira aliyomwekea ilikuwapo bado, lakini haikuwa na nafasi. "Njoo Safu ya Nne."

Alimkuta amerudi pale safuni baada ya dakika tano, shati limelowa. Alipita mbele ya mlango uliokuwa wazi, akaona kufuli, akaona pete iliyopigiliwa kwa nje. Akalishika, akaliachia.

"Mlango unafungiwa huku?"

"Usinitazame hivyo."

"Mama yako alikuwa anafungiwa ndani?"

"Ulikuwapo alipovunjika nyonga? Ulimsafisha wewe?" Sauti yake ilipasuka katikati. "Tumtafute kwanza. Utanihukumu baadaye."

Hakumhukumu. Alifungua daftari lake, akachora safu sita, reli, mfereji na lango kwa mistari michache ya haraka, akasema, "Anatembea vipi? Anachechemea? Basi kwa nusu saa hawezi kufika zaidi ya hapa. Tuanze mferejini." Walikwenda. Mferejini hapakuwa na mtu. Kwenye kiwanda cha sabuni vijana wa vyuma walisema hawajamwona. Bibi wa kofia ya soksi, mkoba, anaongea kwa sauti kubwa: Kitinda alirudia maelezo hayo kwa mlinzi, kwa muuza magazeti, kwa wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo. Saa tisa na nusu mlinzi wa lango la kiwanda cha nguo alisema, "Yule anayeongea kama anahutubia? Yuko ndani, kwenye fanicha."

Ukumbi wa kufumia ulikuwa umegeuzwa duka la fanicha. Mahali pa mashine mia mbili sasa palikuwa na makabati, meza na vitanda vilivyotandikwa kwa ajili ya watu wasiokuwapo. Walimsikia kabla ya kumwona. Mama alikuwa amekaa juu ya kitanda cha maonyesho, kofia ya soksi kichwani, mkoba mapajani, na mbele yake muuzaji mwenye tai alikuwa amevuta kiti akasikiliza mkono shavuni.

"Hapa," mama alikuwa anasema, akipiga godoro. "Hapa hapa nilisimama miaka ishirini na sita. Mashine namba hamsini na moja. Kabati lako lile limekaa juu ya rafiki yangu."

Kitinda alimfikia, akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili, akamkagua vidole, viwiko, uso. Mama akamwacha amkague.

"Umenitisha," Kitinda alisema, midomo ikitetemeka kiasi kwamba mama alilazimika kuinama. "Ungepotea."

"Nimetembea. Kutembea si kupotea."

"Ungegongwa, mama."

"Ningegongwa nikiwa nje."

Muuzaji wa fanicha aliinuka taratibu, akakumbuka kazi upande mwingine. Mama alimshika mwanawe kidevu, akamwinua uso, kama alivyofanya alipokuwa mdogo akimfundisha.

"Jikoni kuna kioo kidogo cha kuchania nywele, juu ya beseni. Unanipa mgongo, lakini kioo kinanipa mdomo wako. Miaka yote hii naona unachokisema. Unasema mama yako amekufunga." Sauti yake kubwa ilijaza ukumbi wote, ikarudi kutoka kwenye bati. "Nakuuliza, Kitinda. Ufunguo uko kwenye mfuko wa nani?"

Kitinda alitia mkono mfukoni mwa gauni lake la kijani. Hakuutoa. Akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama, juu ya mkoba, na hapo ndipo alipolia, kwa ajili ya mambo mengi kwa pamoja. Mama alimpapasa mistari ya nywele mmoja baada ya mwingine.

Baadaye mama aliinua macho. "Na huyu mrefu ndiye mwalimu wa kipaza sauti?"

Kitinda alijifuta uso. "Huyu ni mtu aliyesema atanitupa."

"Mimi?" Bwana Ramani alisogea. "Nilisema lini?"

"Kwenye simu. Nimekuona kupitia kioo ukisema: Nikimaliza naye leo, nitamtupa."

Alisimama akilirudisha lile neno kichwani, kisha akafunga macho. "Nitamtuma," alisema. "Nilisema nitamtuma."

Mama, aliyekuwa akifuata mdomo mmoja kisha mwingine, alianza kucheka. Kicheko chake hakikuwa na kipimo pia. Watu waliokuwa wakichagua meza waligeuka. "Tuma, tupa. Mdomo ni mmoja, mwanangu. Hilo nilikufundisha ukiwa na miaka sita. Sisi hapa kiwandani tuliongeza mkono." Akausukuma mkono mbele. "Tuma." Akautupa nyuma ya bega. "Tupa. Ungesubiri uulize. Lakini hukusubiri. Kati ya maneno mawili ulichagua lako."

Kitinda alijua ni kweli, na ukweli ule haukumpendeza. Akainuka, akamkabili Bwana Ramani.

"Ulitaka kunituma wapi?"

"Kwa mkuu wangu, Jumatatu. Wanatafuta mtu wa kuwaongoza wageni kwenye njia hii. Nikaona hakuna mwingine. Nimeshamwambia utakwenda."

"Uliniuliza?"

"Nilitaka iwe zawadi."

"Mimi pia nilimpa mama yangu zawadi," Kitinda alisema polepole. "Umeiona pale mlangoni."

Bwana Ramani aliinamisha kichwa. Mwishowe akasema, "Nisamehe. Nitampigia nimwambie nilikosea." Akapiga palepale, mbele yao, akasema hivyo hivyo, akakata.

Wakamrudisha mama nyumbani kwa mwendo wake yeye. Barabara ya reli aliivuka katikati yao, akakataa kushikwa mkono, akatazama kulia, kushoto, na kulia tena, kwa uangalifu mkubwa kuliko wao wawili. Mlangoni alinyoosha kiganja. Kitinda akaweka ufunguo juu yake. Mama akaufunga kwenye ncha ya kitambaa cha kiunoni, akaingia ndani kupika, kwa sababu, alisema, mafunzo yale hayakuwa na chakula.

Jioni ile jukwaa la treni lilikuwa nusu tupu. Bwana Ramani alisimama na karatasi zake kwapani.

"Sitakupa zawadi tena," alisema. "Nitakuuliza tu. Utakubali nikuoe, Kitinda?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina la nyumbani. Kitinda alitazama reli zilivyokwenda zikakutana mbali.

"Leo asubuhi ningesema siwezi kwa sababu ya mama," alijibu. "Sasa sababu hiyo sina tena, na naogopa kuliko asubuhi. Usinilazimishe nijibu nikiwa hivi."

"Nisubiri?"

"Sikuambii usubiri. Wachumba wa kusubiri nimewaona." Akamnyoosha kola ya shati, iliyokuwa imekunjamana kwa mbio za mchana. "Piga simu tu. Saa saba."

Alipiga. Kwa majuma saba alipiga, na hakuliuliza lile swali tena. Kitinda alimsimulia mambo madogo: kipaza sauti kimetengenezwa na sasa anasikia matusi ya abiria, mama ametoka Jumanne, ametoka Alhamisi, ameanza kurudi na habari za watu ambao yeye hawajui. Kazi ya kuongoza wageni aliiacha ipite, kisha katika juma la tano akaiandikia barua ya maombi mwenyewe, kwa jina lake, bila kumwambia mtu.

Jumamosi moja alasiri simu ya Bwana Ramani ililia akiwa chumbani kwake, ghorofa ya tatu, akifuta vumbi.

"Hii si saa yetu," alisema. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Niko nyumbani."

"Na mama?"

"Ametoka tangu saa sita. Amesema anakwenda kwa rafiki yake wa zamani, ng'ambo ya reli. Sijui nyumba yenyewe. Hakunialika." Kitanda kikalia alipoinuka. "Nimefagia mara mbili. Nimekaa kitandani. Hapa ndani pana ukimya sijawahi kuusikia, Ramani. Sijui watu hufanya nini nao."

"Unataka nije?"

"Treni ya leo ya kuja huku imekwishaondoka. Ratiba zote ziko dirishani kwangu, najua." Aliingiza pumzi. "Lile uliloniuliza jukwaani. Bado unaliuliza?"

"Kila siku saa saba, kimya kimya."

"Basi ndiyo."

Bwana Ramani alikaa sakafuni, kitambaa cha vumbi mkononi. "Ndiyo, utaolewa nami?"

"Ndiyo, nitaolewa nawe. Chumba chako nitakuja kukiona kabla, na mama atakaa anakotaka yeye. Nimemuuliza, amesema atafikiri." Sauti yake ilipungua. "Sasa nyamaza kidogo, mpenzi, usiniambie neno tamu lolote. Nakaa hapa mlangoni natazama njia, na ni saa kumi na moja, na bado simwoni."

"Nikate simu?"

"Hapana. Kaa."

Akakaa.